Numa Lacaze na Wimbo Usiomtaja

Kitabu kilichotoka Chicago kinasema kwamba ule wimbo wetu mashuhuri wa jazi, unaopigwa siku hizi hadi kwenye hoteli za wazungu, ulitungwa kwa ajili ya Gustave Marchand, mpiga tromboni. Kimeweka na picha yake, amevaa kofia mpya, amekunja uso kama mtu aliyewahi kufikiri. Mimi ni Clotilde. Nimezaliwa hapa New Orleans, mtaa wa Tremé, nimezeekea hapa hapa, na nasema kitabu kimedanganyika. Wimbo ule ni wa shemeji yangu, marehemu Numa Lacaze, mume wa dada yangu Zelime. Mwenye kitabu alikuja mwenyewe, akauliza vizuri, na ukumbi mzima wa watu waaminifu ukamnyamazia.

Numa hakuwa mpiga muziki. Alikuwa mchukuzi wa makaa ya mawe, mwenye gari moja na nyumbu mmoja wa kulikokota, na sauti yake ya kuimba ilifaa kufukuzia paka. Nyumbu yule aliitwa Askofu, kwa kuwa alikuwa mnene, alitembea polepole na hakupenda kukatizwa. Jumatatu hadi Jumamosi Numa na Askofu walipita mitaani weusi tii. Jumapili Numa aliliosha gari, akalikodisha kwa bendi.

Siku zile bendi ikitaka watu wajae dansini jioni, ilipanda gari mchana na kuzunguka ikipiga. Mpiga tromboni alikaa nyuma kabisa, miguu nje, maana lile bomba lake la kuvuta na kusukuma lingemng'oa mwenzake meno. Bendi mbili zikikutana kwenye kona, hakuna kupishana. Waendesha magari walishuka, wakafunga gurudumu kwa gurudumu kwa kamba, ili atakayezidiwa asipate pa kukimbilia. Zilipigana kwa muziki mpaka watu waseme nani kashinda. Hapo ndipo sifa zilipopatikana, na hapo ndipo zilipopotelea.

Jumapili hiyo gari la Numa lilikuwa limebeba bendi ya akina Gustave, na kwenye kona ya Claiborne likakutana na la Honoré Ferrand. Honoré alikuwa na tarumbeta la kuamsha waliolala makaburini. Numa alishuka, akafunga magurudumu kwa fundo la gunia la makaa, ambalo ukilivuta kidogo linafunguka lote. Mkono wake haukujua fundo jingine. Miaka yote alikuwa akifunga magunia, na gunia hufungwa ili lifunguliwe.

Bendi ya Gustave ilizidiwa. Nasema nilichosikia kwa masikio yangu, maana nilisimama pale na dada yangu, tumeshika miavuli. Kila walichojaribu, Honoré alikichukua, akakipiga vizuri zaidi na kuwarudishia. Watu walikuwa wameshaanza kuwazomea, kengele ya jioni ya kanisa ikalia.

Kengele ile kwa watu ilikuwa ya sala. Kwa Askofu ilikuwa ya shayiri. Alinyanyua masikio, akavuta, fundo likaachia, na gari likaondoka na bendi nzima katikati ya wimbo. Gustave akaanguka nyuma, akakaa barabarani na tromboni mapajani. Numa aliruka juu, akasimama, akazivuta hatamu kwa nguvu zake zote.

"Simama! Askofu, simama, mwana haramu wee!"

Kwa mbali, mtu aliyesimama garini akihangaika na hatamu huwezi kujua kama anamzuia nyumbu au anamchapa. Watu waliamua anachapa.

"Tazameni! Numa anawatorosha!"

"Kimbia Numa! Kimbia!"

Gustave naye akainuka, akalifukuza gari kwa miguu yake mifupi, suruali imechanika, anapiga kelele wamngoje. Honoré Ferrand alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akalipeleka tarumbeta mdomoni na kupiga mwendo wa nyumbu anayewahi chakula. Ngoma ikaupokea. Jioni, dansini, wimbo ulikuwa na maneno tayari:

Kimbia Numa, kimbia,
maharage yaungua,
nyumbu mwoga, bwana mwoga,
na bibi alomchukua.

Ndivyo ulivyozaliwa. Mabwana wa vitabu wanaandika kwamba muziki huu umetoka kwenye huzuni kuu ya watu wetu. Huzuni tulikuwa nayo, ya kutosha na kubaki. Lakini wimbo huu ulitoka kwenye tumbo la nyumbu.

Waliokuwa garini wangeweza kusema ukweli. Waliona nani alivuta na nani alivutwa. Ila ukweli ungewalazimu kusema kwamba walikuwa wameshapigwa, na mpiga muziki afadhali akose chakula kuliko kusema hivyo. Basi wakasema wangeshinda, tena walikuwa karibu kushinda, laiti Numa asingeingiwa na woga.

"Mimi? Niogope nini? Mimi sipigi hata filimbi!" Numa alilia siku ile nyumbani. "Si mimi, ni Askofu!"

Katika mtaa wa Wakatoliki, hilo halikumsaidia. Jumapili iliyofuata padri alimwita pembeni na kumwambia aache kusingizia wakubwa wa Kanisa.

Yeye angalau alikuwa barabarani na makaa yake. Aliyeumia ni dada yangu. Zelime alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke wa shingo iliyonyooka, na sindano yake haikuwa na mpinzani kutoka kwetu hadi mtoni. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nao walikuwa wamechagua kumwimba kwenye mstari wa mwisho, pale ambapo watu wote huitikia kwa nguvu. Akienda sokoni, wauza kaa walimwimbia. Akipiga magoti kumpima bibi harusi, bibi harusi aliuimba puani, na Zelime ana pini tele mdomoni, hawezi kujibu. Usiku aliniambia: "Tilde, siku moja nitasema. Nitasimama mbele za watu niseme." Sikuona atasimama wapi. Mke wa mtu anayeimbwa hapewi nafasi ya kuhutubia.

Numa alikwenda kulia kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana, Ndugu wa Huruma. Hapa kwetu mtu anaweza kuishi bila viatu, lakini hawezi kwenda kaburini bila bendi. Chama ndicho kinacholeta bendi: pole pole kwenda, na mkishamwacha marehemu, furaha kurudi. Gari la Numa ndilo lililobeba bibi vizee na mapipa ya bia siku ya maandamano ya mwaka. Akasema wakiendelea kumwimba, watabeba bibi vizee mgongoni.

Wazee walishauriana. Wakawazia wale bibi, uzito wao na midomo yao, wakakubali. Wanachama wote, wanaume na wanawake, tuliweka mkono juu ya bendera ya mahameli tukaapa: hakuna atakayelitaja jina la Numa Lacaze pamoja na wimbo ule, wala kukiri kwamba ni wake, kwa mwenyeji wala kwa mgeni. Atakayevunja kiapo atazikwa kimya. Zelime peke yake ndiye hakuapishwa. Rais wa chama, Ulysse Fontenette, alisema: "Huyu aapishwe ya nini? Jina ni lake."

Nasikia mkiuliza mbona mimi sasa natoboa. Natoboa kwa sababu nimewasikia vijana wanaopiga mazishini siku hizi. Kunyimwa wale ni hisani.

Kiapo kilishika kuliko amri za Mungu, maana Mungu husamehe. Wimbo haukufa, nani aue kitu kitamu vile, ila ulibaki na tundu pale jina lilipokuwa. Watu waliimba "Kimbia, kimbia" na kuruka. Vijana wetu walipohamia Chicago na tarumbeta zao, waliuhamisha na tundu lake. Mchapishaji mmoja wa kule akawauliza nani anakimbia. Wakatazamana, wakaikumbuka bendera, wakasema hawajui. Bwana yule akajaza mwenyewe: "Kimbia Mpenzi." Maharage akayaondoa, akaingiza mwezi. Nyumbu hakupata hata sehemu ya kuitikia. Ikapigwa sahani ya santuri, zikauzwa nyingi mno, na ulimwengu mzima ukadhani ni msichana anayemkimbilia mchumba.

Siku sahani ile ilipolia kwa mara ya kwanza kwenye duka la barafu tamu kwetu, Numa alikuwa ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, kijiko hewani.

"Jina langu limeondoka, shemeji," aliniambia. "Limeondoka kabisa."

"Na nyumbu pia."

"Acha aende." Akamnunulia barafu kila mtoto aliyekuwa dukani, naye hakuwa mtu wa kununua.

Angefia hapo, angekufa na furaha. Lakini Numa aliishi, na wimbo nao uliishi. Ukawa unapigwa kila redio inapofunguliwa. Bendi kubwa za wanaume waliovaa sawa zikaupiga. Askofu alikufa, makaa ya mawe yakapitwa na gesi, gari likaoza uani, na Numa akabaki mzee wa kukaa barazani, asiyejulikana kwa lolote. Hapo ndipo nilianza kumsikia akiuimba. Si ule wa mwezi. Ule wa maharage, pole pole, na jina lake ndani.

"Shemeji, umerukwa na akili?" nilimwuliza. Tulikuwa tunachagua maharage, ilikuwa Jumatatu. "Unajitukana mwenyewe?"

"Wanaupiga mpaka Paris, Tilde."

"Nao unakuhusu nini? Si tuliapishwa kwamba si wako?"

"Ni wangu." Akatazama kama dada yuko karibu. "Mtu mwingine yeyote hapa ana nini kinachopigwa Paris? Fontenette ana nini? Padri ana nini?"

"Ulilia machozi uondolewe."

"Nililia. Nilikuwa kijana mjinga. Ningejua utafika mbali vile, ningeununulia nauli."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Yeye hakucheka, na nilipomtazama vizuri niliona mtu anayeumia. Alikuwa amefanya kazi tangu utotoni na hakuacha alama popote isipokuwa hiyo, nayo alikuwa ameifuta kwa mkono wake.

Kisha Gustave Marchand akazibua masikio. Alisikia kwamba kuna wageni wanaokuja kutoka kaskazini kutafuta wazee wa muziki, wananunua vinywaji na kusikiliza chochote. Gustave akasema aliyekuwa akiambiwa "kimbia" ni yeye. Tena hakusema uongo mtupu, na hiyo ndiyo hatari yake: siku ile kweli alikimbia, watu wote walimwona, na suruali yake iliyochanika waliiona pia. Kwenye simulizi lake aliruka kutoka garini kwa hiari, abaki kupigana peke yake. Wakamnunulia kofia.

Numa alikwenda kwa Fontenette, ambaye bado alikuwa rais, amekauka lakini yupo, kumwomba kiapo kifunguliwe. Nilimsindikiza.

"Mzee Ulysse, nifungulieni. Mwenye jina ni mimi, nimesamehe."

"Kiapo cha bendera hufunguliwa na wengi wa walioapa," alisema Fontenette.

"Basi waite."

"Wengi wa walioapa wako makaburini, Numa. Umewabeba wengine kwa gari lako mwenyewe."

"Basi walio hai!"

"Walio hai ni wachache. Wachache si wengi." Akaninyooshea kidole. "Na wewe Clotilde, chunga ulimi. Ungependa kwenda kimya?"

Wakati ule vijana walikuwa bado wanapiga vizuri. Nikauchunga.

Yule mwenye kitabu, Bwana Pruitt, alifika mwezi wa tano na mashine ya kunasa sauti. Mzungu kijana, mwekundu kwa joto, mwenye adabu za kutosha. Alikaa ukumbini kwetu alasiri, tukaja wote, maana Zelime na wenzake walikuwa wamepika bamia kwa kaa. Gustave akazungumza kwanza. Alikimbia tena mtaa mzima wa Claiborne, akiwa amekaa. Alipomaliza, Numa alisimama. Alikuwa amevaa suti yake ya maandamano, na kiapo alikuwa amekiacha nyumbani; heri azikwe kimya.

"Bwana," alisema, "huyu alikimbia nyuma ya gari. Gari lilikuwa langu. Wimbo unasema Kimbia Numa. Mimi ndiye Numa."

Gustave akacheka. "Babu huyu! Kila wiki ana jipya. Juzi alisema yeye ndiye aliyefunga fundo."

"Nilifunga, ndiyo!"

Bwana Pruitt akaigeuza mashine upande wetu. "Kuna anayekumbuka? Wimbo ulikuwa na jina la nani?"

Kila mtu aliyekuwapo kwenye kona ile alitazama bendera ukutani, kisha viatu vyake. Tulimpenda Numa. Tulikuwa tumelinda siri yake katika ulevi, ugomvi, ndoa na talaka, na hakuna aliyekuwa tayari kuitoa leo eti kwa sababu mwenyewe anaiomba. Mzee Fontenette alitabasamu kwa fahari. Nilimwona Numa akitupitia uso kwa uso, na kila uso ulikuwa mwaminifu.

Halafu akakumbuka. Akamgeukia Zelime, aliyekuwa mlangoni na upawa mkononi, mtu pekee pale mwenye ulimi huru.

"Zelime," alisema. "Mwambie bwana. Mwambie nilivyokimbia."

Dada yangu aliuweka upawa mezani. Alifuta mikono kwenye aproni, akaja mpaka mbele ya mashine, akanyoosha ile shingo. Nilijua nini kinakuja na sikuweza kukizuia.

"Naitwa Zelime Lacaze," alisema, kwa sauti ambayo hata Honoré Ferrand angeitii. "Nimekaa na mwanamume huyu tangu nikiwa msichana. Mume wangu hajawahi kukimbia kitu chochote. Hakukimbia siku ile wala siku nyingine. Anayesema Numa Lacaze ni mwoga, na aje aniambie mimi. Andika hivyo."

Ukumbi ukapiga makofi. Bibi vizee walipiga meza. Watu ambao hawakuweza kusema neno kwa sababu ya kiapo walipata hatimaye neno la kushangilia, wakalishangilia kwa moyo wote.

Bwana Pruitt akamtazama Numa, kalamu imengoja. "Mzee? Unasemaje?"

Numa alikuwa bado amesimama. Angeweza kusema. Angeeleza habari za fundo na kengele na shayiri, na kijana yule, ambaye hakuwa mjinga, nadhani angemwamini. Alimtazama mkewe. Zelime alikuwa akilia na kucheka, na watu walikuwa wakimshika mikono, wale wale wa sokoni, waliobaki.

"Mke wangu hasemi uongo," Numa alisema, akaketi.

Ndipo kitabu kikamwandika Gustave.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Zelime mbele, akisalimia kila baraza kwa jina, sisi wawili nyuma. Nilikuwa na hasira za kumpasua mtu.

"Shemeji, umeutupa. Ulikuwa mkononi mwako ukautupa! Kwa nini hukusema?"

"Alikuwa anasema yeye."

"Lakini alikuwa anakosea."

"Najua." Akatembea kidogo, suti imempwaya. "Kuna mke mwingine anayeimbwa, Tilde? Mimi nilipewa wimbo. Yeye alipewa mstari mmoja, nao ni tusi. Leo amelijibu. Nimwambie akae chini?"

Nilipomkuta dada jikoni anaosha sufuria, nilimwuliza kama alielewa mumewe alikuwa anaomba nini pale ukumbini.

"Nilielewa," alisema, bila kugeuka. "Nimeolewa naye, si kiziwi. Anajisikia vizuri unapopigwa Paris. Mimi niliusikia sokoni."